Raha ya Unyayo

Ipo raha inayomfaa mtu, na ipo raha inayomhadaa. Jambo hili ni jepesi kulitamka, wala hakuna mtu mzima atakayelibishia. Ugumu hutokea pale mtu anapotakiwa aseme, juu ya raha moja maalumu iliyo mbele yake, ni ya aina ipi kati ya hizo mbili. Katika insha hii nakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutumia kitu kidogo kinachokaa chini kabisa ya mwili wa binadamu, nacho ni kiatu. Msomaji asidharau. Fikra nyingi zimeanzia kichwani zikaishia kichwani. Si vibaya moja ikaanzia unyayoni.

Kiatu ninachokisema ni kile ambacho kwetu huitwa raba. Ila si raba ile ya turubai yenye soli bapa, ambayo watu wa rika langu waliivaa shuleni na kuipaka chaki ili ionekane nyeupe siku ya gwaride. Hii ni raba ya kukimbilia, yenye soli nene ya sponji, iliyotengenezwa kwa ajili ya mazoezi ya kila siku. Binti yangu anayefanya kazi Muscat aliniletea jozi moja baada ya daktari kunishauri nitembee na kukimbia kidogo kwa sababu ya shinikizo la damu. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa hoja yangu si kampuni. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63 na kilo 72, na mwendo wangu ni ule ambao vijana wa kikundi chetu cha mazoezi hapa Tanga huuita, kwa adabu, mwendo wa mwalimu.

Wenzangu walipoziona raba zile walinitaka neno. Je, ni nzuri? Zinafaa kwa shughuli zote? Nao wanunue? Bei yake si ya mchezo. Hukaribia bei ya gunia la mchele. Nikaona kwamba nimekabidhiwa dhamana bila kuiomba. Mtu anayeulizwa "kinafaa?" na watu watakaotoa fedha kwa kumwamini, amekwisha kuwa shahidi, na ushahidi una masharti yake. Nikawaomba wiki 6. Nilikimbia siku 5 kila wiki, kilomita 5 kila siku, jumla kilomita 150. Na jioni nilizivaa raba zile zile katika shughuli za kawaida za mjini.

Kwanza hatuna budi kuelewa kiatu kinafanya kazi gani. Mtu anapotembea, daima ana mguu mmoja ardhini. Anapokimbia, kuna muda mfupi ambao miguu yote miwili iko hewani, kisha mmoja hutua na kuubeba mwili mzima. Mzigo huo umepimwa, ukaonekana kuwa aghalabu hufika mara 2 hadi mara 3 ya uzito wa mkimbiaji. Kwa kilo zangu, ni kati ya kilo 144 na 216 juu ya mguu mmoja, nami katika kilomita 5 napiga hatua zisizopungua 5,000. Sponji ya soli imejaa mapovu madogo ya hewa. Kisigino kinapotua, mapovu hubonyea, na kwa hiyo mshindo haumfikii mtu kwa ghafla, bali husambazwa katika muda mrefu kidogo. Mapovu hayo hayadumu. Wakimbiaji na watengenezaji huikadiria soli ya namna hii kuwa na nguvu kwa kilomita 500 hadi 800. Kwa mwendo wangu wa kilomita 25 kwa wiki, ni kati ya wiki 20 na 32. Baadaye kiatu kitaonekana kizima kwa macho, lakini ndani kitakuwa kimechoka.

Hapo tayari pana funzo la kwanza. Kilomita zangu 150 haziwezi kusema chochote juu ya kilomita ya 600. Shahidi mwaminifu hutamka mpaka wa aliyoyaona, wala hauvuki kwa sababu wasikilizaji wake wana hamu.

Sasa niseme niliyoyaona. Katika lami ya Raskazone, pembezoni mwa ghuba, alfajiri kabla jua halijawa kali, raba zile zilikuwa neema. Lami haina huruma kwa magoti ya mzee, nazo zilisimama katikati kama mpatanishi. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilishuka kitandani siku ya pili bila kushika ukuta. Katika vichochoro vya mchanga vya Ngamiani mambo yalibadilika. Sponji juu ya mchanga ni ulaini juu ya ulaini. Mguu huzama mara mbili, na kila hatua hulipwa kwa nguvu zaidi. Nilipokwenda upande wa Tongoni, yalipo magofu ya msikiti na makaburi ya kale, nilipita njia yenye mawe ya matumbawe. Hapo ule unene wa soli ukawa hatari: mtu amesimama juu, kama aliyepanda kigoda, na jiwe dogo likikaa upande mmoja wa soli, kifundo cha mguu hupinduka kabla akili haijapata habari. Mvua za masika ziliponyesha, kitambaa cha juu chenye vitundu vingi kilinyonya maji upesi na kukauka taratibu, na katika joto la mvuke la pwani yetu harufu yake ilitangulia kuingia nyumbani kabla yangu.

Ama kuhusu kufaa kwa shughuli zote, hapa pana jambo ambalo mtengenezaji hakulifikiria, wala si lawama kwake. Maisha ya mtu wa Tanga ni maisha ya kuvua viatu. Ukienda msikitini unavua. Ukiingia kwa jirani unavua. Ukikaribishwa kwenye jamvi la msibani unavua. Siku moja ya Ijumaa nilizihesabu: nilivua na kuvaa mara 9. Kiatu chenye gidamu ndefu za kufunga kwa mafundo, mbele ya kizingiti cha mlango, humgeuza mtu mzima kuwa mtoto anayejifunza kuvaa, huku wenzake wamekwisha kupita na kandambili zao. Basi nikajiuliza: wanaposema kiatu cha kila siku, wanakusudia siku ya nani? Siku ya mtu anayevaa viatu asubuhi akavivua usiku, au siku ya mtu ambaye mlango wa kila nyumba ni mpaka kati ya vumbi na heshima? Kitu chenye kazi nyingi hakipimwi kwa wingi wa kazi zilizoandikwa kwenye boksi lake. Hupimwa kwa maisha ya yule anayekitumia. Kandambili, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisifu, zinafaa kwa kazi nyingi zaidi katika mji huu kuliko raba ya bei ya gunia. Kazi moja tu haziwezi, nayo ni kukimbia. Wahenga walinena kuwa mtaka yote hukosa yote, nami naona neno hilo linawahusu viatu kama linavyowahusu watu.

Lakini hayo yote ni maelezo ya kiatu. Swali letu ni la raha, na sasa tulikabili.

Nilipokuwa nikiandika kumbukumbu za kila siku katika daftari, niligundua kwamba neno moja "raha" lilikuwa likibeba mambo matatu tofauti. Ipo raha ya dukani, ile ya dakika ya kwanza, mtu anapotia mguu na kusema "ah!" Ipo raha ya safarini, inayojulikana katika kilomita ya 4, miguu ilipovimba kwa joto na kitambaa kikaanza kuuliza maswali kwenye kidole kidogo. Na ipo raha ya kesho yake, inayojulikana mtu anaposhuka ngazi. Raha hizi tatu si lazima zikubaliane. Raha ya dukani ndiyo yenye kelele zaidi, nayo ndiyo inayouza; raha ya kesho yake ni kimya kabisa, kwa maana ni kutokuwepo kwa maumivu, na kitu kisichokuwepo hakina wa kukitangaza. Ni nani atakayesimama barabarani kutangaza kwamba leo goti lake halikuuma?

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuidharau hisi ya mguu. Kwa miaka mingi maduka ya nchi za nje yaliwapimia watu umbo la nyayo zao, kama ni bapa au zimeinuka, kisha yakawachagulia kiatu kwa hesabu hiyo. Mwaka 2009 na 2010 zilichapishwa taarifa za uchunguzi uliofanywa kwa makuruta wa majeshi ya Marekani, ambao baadhi yao walipewa raba kulingana na umbo la nyayo na wengine wakapewa aina moja bila kujali umbo. Haikuonekana tofauti ya maana katika kuumia kwao. Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, pamoja na wenzake, wakatoa hoja kwamba huenda kipimo bora ni hisi ya mvaaji mwenyewe: mkimbiaji achague kiatu anachokiona cha starehe, maana mwili wake unajua njia yake. Mtu wa pwani asiyesoma taarifa hizo angeweza kuwajibu kwa methali: kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mwenye mguu ndiye shahidi.

Vema. Lakini je, shahidi huyu hahongeki?

Mwaka 1997 Steven Robbins na Edward Waked walichapisha taarifa ya jaribio walilolifanya Kanada. Waliwaomba vijana wa kiume washuke, peku, hatua moja kutoka mahali palipoinuka, wakanyage juu ya kifaa kinachopima mshindo. Kifaa kilifunikwa kwa mata ya soli za viatu. Ujanja ulikuwa hapa: mata ilikuwa ile ile, lakini vijana waliambiwa maneno tofauti. Mara waliambiwa kwamba kitu hiki kina kinga bora kabisa. Mara wakatahadharishwa kwamba kinga yake ni duni na hatari ya kuumia ni kubwa. Waliposifiwa kinga, walitua kwa mshindo mkubwa zaidi. Mguu uliosikia sifa ulijiachia. Mguu uliotahadharishwa ulijilinda.

Nilipoisoma habari hiyo niliweka kitabu chini nikatoka nje nikatembea, maana nilikuwa nimeviona vijana hivyo katika mwili wangu. Hisi ya mguu ni shahidi, naam, lakini ni shahidi anayesikiliza maneno ya nje kabla hajatoa ushahidi. Hivyo kumwambia mtu "hiki ni laini, hakitakuumiza" si kumpa habari tu. Ni kumbadilishia namna atakavyoikanyaga dunia. Sifa ya kiatu huingia katika goti la aliyeisikia. Kama ni hivyo, basi neno ambalo wenzangu walikuwa wakilisubiri kwangu halikuwa jambo dogo.

Wapo watakaosema hapo kwamba dawa ni kuachana na viatu laini kabisa, turudi kwenye peku ya mababu. Hoja yao ina watetezi wenye heshima. Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni katika Olimpiki ya Roma bila viatu, kwa saa 2 na dakika 15. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha kwamba watu waliozoea kukimbia peku, wakiwemo wakimbiaji wa Kenya, aghalabu hutangulia kutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na hivyo hukwepa ule mshindo mkali wa kisigino. Hayo ni kweli. Lakini Bikila huyo huyo alishinda tena Tokyo mwaka 1964, safari hii amevaa viatu, kwa saa 2 na dakika 12. Na sisi wa Tanga tunayo sababu yetu ya kuogopa kuusifu mguu mtupu.

Mkoa wetu ulijengwa na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyoenea pande zote, na katika mashamba hayo wakaletwa manamba kutoka mbali ili wakate majani ambayo ncha yake ni mwiba. Wengi walifanya kazi hiyo peku. Nyayo zao zilikuwa ngumu, lakini ugumu ule haukuwa falsafa. Ulikuwa ni ukosefu. Na mguu mtupu kwenye mchanga wenye unyevu wa pwani ndio mlango unaotumiwa na minyoo ya safura, inayopenya ngozini na kwenda kunyonya damu tumboni. Mtu aliyechagua peku asubuhi moja kwa ajili ya mazoezi, kisha akarudi nyumbani kuosha miguu kwa maji ya bomba, asiseme kwamba ameishi kama manamba. Ugumu uliochaguliwa na ugumu uliolazimishwa havifanani hata kama jiwe linalokanyagwa ni moja. Kwa hiyo siwezi kuikataa raha kwa jumla, kwa sababu kila anayeikataa raha kwa jumla huwa anaikataa kwa niaba ya wengine ambao hawajaipata.

Upo pia mfano wa John Stephen Akhwari, Mtanzania, katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968. Alianguka njiani akaumia goti. Wakimbiaji 75 walianza na 57 walimaliza, naye alikuwa wa 57, zaidi ya saa 1 baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamheshimu kuliko washindi wengi, na tunastahili kumheshimu. Lakini tusijifunze kwake jambo asilolifundisha. Akhwari hakuwa kiziwi kwa maumivu. Aliyasikia yote, akayajua, kisha akapima kitu kingine kikawa kizito zaidi, nacho ni nchi iliyomtuma. Ushujaa wake ulikuwa na habari kamili. Mtu asiyeyasikia maumivu na kuendelea kukimbia hafanyi alichofanya Akhwari. Huyo anapita tu gizani.

Neno hilo la kutosikia ndilo linaloniletea jambo lililonifanya niiandike insha hii.

Ninaye jirani, rafiki wa miaka mingi, mwenye kisukari. Ugonjwa huo, ukikaa mwilini miaka mingi bila kudhibitiwa vizuri, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mguu hupata ganzi. Yeye amekwisha kufika hapo. Aliwahi kutembea mchana kutwa na kokoto ndani ya kiatu, akaigundua usiku alipoona damu. Kwa watu wa namna hiyo kidonda kidogo kinaweza kuchukua kidole, na kidole kikachukua mguu. Jirani yangu huyu alizitamani raba zangu kuliko mtu mwingine yeyote katika mtaa. Wiki ya 6 ilipokwisha akaja barazani kwangu, akakaa, tukanywa kahawa, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nataka neno lako tu. Ukisema nzuri, kesho namtumia mwanangu fedha aninunulie."

Wenye kukaa Tanga wanafahamu kwamba lugha yetu nayo ina soli ya sponji. Mtu akiulizwa hali hujibu "salama", "alhamdulillahi", hata kama ametoka hospitali asubuhi. Habari ya msiba hutanguliwa na habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Siuoni kuwa uongo. Ulaini huo hupunguza mshindo wa mambo mazito ili yamfikie mtu kidogo kidogo, kama soli inavyofanya. Na jibu laini lilikuwa tayari mdomoni mwangu: "Nzuri sana, ndugu yangu, nunua." Lingempendeza. Lisingekuwa hata uongo, maana kwangu zilikuwa nzuri. Lakini nikawakumbuka wale vijana wa Kanada. Neno langu lingeshuka hadi unyayoni mwake, na unyayo wake haukuwa na uwezo wa kulipinga.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, zimenifaa mimi. Kwako siwezi kushuhudia. Mguu niliozijaribia ni mguu unaosikia. Raba ikinibana, unaniambia. Kokoto ikiingia, unaniambia. Wako hauwezi kukwambia. Huenda zikakufaa, tena huenda kuliko zinavyonifaa mimi, lakini ushahidi wangu ndio usiokufaa."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe hata wewe, Mwalimu, unanipima kwa ugonjwa wangu." Akamaliza kahawa, akaaga kwa adabu zote, na kwa siku nyingi alipita mbele ya baraza yangu bila kukaa.

Nimelitafakari jibu lake kuliko nilivyotafakari kiatu. Alikuwa na haki ya kuumia. Alitaka, kwa dakika moja, kuwa mtu kama watu wengine, anayeuliza kiatu kizuri akajibiwa kiatu kizuri. Mimi nikamrudisha kwenye ganzi yake. Lakini kila nikilipima naona kwamba ningempa ile raha ya dukani kwa kutumia mdomo wangu, na gharama ya kesho yake angeilipa yeye peke yake. Hapo ndipo nilipopata tofauti niliyokuwa nikiitafuta.

Raha inayomfaa mtu ni ile inayompunguzia mzigo bila kumpunguzia habari. Magoti yangu yanapoacha kupiga kelele, nasikia zaidi: nasikia pumzi yangu, maneno ya mwenzangu tunayekimbia naye, pikipiki inayokuja nyuma. Raha ya namna hiyo huufungua moyo wa mtu kwa dunia. Raha inayohadaa ni ile inayoondoa mzigo kwa kuondoa habari zake tu. Mzigo wenyewe umebaki pale pale, ila mtu haambiwi. Na kitu kimoja kinaweza kuwa raha ya kwanza kwa mtu huyu na raha ya pili kwa mtu yule. Soli ile ile iliyo neema katika lami ya Raskazone ni mtego katika mawe ya Tongoni. Kwa hiyo tusimwulize mtu "je, ni laini?" Tumwulize, "Baada ya kukivaa, unajua zaidi au unajua pungufu?"

Jibu langu kwa kikundi lilikuwa refu kuliko walivyotarajia, lakini walilisikiliza. Niliwaambia: kwa lami, na kwa magoti ya umri wangu, zinafaa, kwa mchanga na mawe, hapana, kwa mtu mwenye kupita milango mingi, aende na kandambili zake mfukoni. Nivivyoviona ni vya kilomita 150, ya baada ya hapo siyajui. Anayenunua ajaribu jioni, miguu ilipovimba, akimbie hata nje ya duka, wala asiruhusu "ah!" ya dakika ya kwanza imtolee fedha mfukoni. Asiye na bei ya mpya aende kwenye mitumba, lakini afanye alivyonifundisha fundi viatu mmoja kijana wa Ngamiani: "Mzee, usiangalie juu, juu pamepigwa brashi. Weka kiatu mezani, kitazame kwa nyuma. Kikiinama upande, mwenyewe wa kwanza alikanyagia upande, na wewe atakufundisha kuchechemea. Halafu bonyeza soli kwa dole gumba. Ikiwa na mikunjo na hairudi, hiyo imekufa." Sijasikia mhadhara bora zaidi juu ya tofauti ya sura na hali.

Jirani yangu hatimaye alikwenda kliniki ya kisukari, si kwa ajili yangu, bali kwa ajili ya mkewe aliyemsukuma. Huko walimpima miguu, wakamwelekeza upana wa kiatu unaomfaa, wakamkataza kutembea peku hata ndani ya nyumba, na kumfundisha kuingiza mkono ndani ya kiatu kila mara kabla ya kukivaa. Akanunua raba laini, za aina nyingine, pana kuliko zangu. Sasa hutembea kila alfajiri. Tumerudi kunywa kahawa, ingawa jambo lile hatujalitaja tena. Nalo limekaa kati yetu kama kizingiti ambacho kila mmoja anajua kukiruka.

Kila jioni baada ya magharibi, mjukuu wake wa kike mwenye miaka 10 hukaa mbele yake na taa, akazishika nyayo za babu yake moja baada ya nyingine, akazitazama kati ya vidole, kwenye kisigino, pembeni, kisha akamwambia alichokiona. Habari ambazo mguu umeshindwa kuzileta, mtoto huzileta. Kiatu kilicho laini kuliko vyote hakiwezi kazi hiyo, wala hakina haja ya kuiweza, maadamu yupo mtu wa kutazama na kusema kweli.